Mwulize jina, usimtajie

Karibuni wodini, wadogo zangu. Darasani mmeshakariri: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi, njia, muda. Mimi nataka tukae kwenye ile ya kwanza, maana hapa Moshi ndiyo inayotutega.

Wodi moja inaweza kuwa na akina Massawe wawili na akina Mushi watatu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilisimama kando ya kitanda na sindano ya seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, mkononi, nikaita, "Mama Massawe?" Akaitika, "Abee." Nilishashika kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, ndipo bintiye, aliyekuwa amemletea mtori, akaniambia mama ameandikiwa dripu na vidonge tu. Massawe wangu alikuwa kitanda cha dirishani, walibadilishana asubuhi. Nilitetemeka mpaka zamu ikaisha.

Mgonjwa, hasa mzee, huitikia jina lolote analoitwa na mtu mwenye sare. Ni heshima, au homa, au masikio hayasikii vizuri. Kwa hiyo usimtajie. Sema, "Shikamoo mama, naomba majina yako matatu," kisha linganisha na faili, pamoja na namba yake. Papo hapo mwulize kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru. Wengi hawasemi mpaka waulizwe.

Dozi za watoto zinahitaji utulivu. Ampuli, yaani kichupa cha dawa ya sindano, ya jentamaisini ya miligramu 80 ina mililita 2. Mtoto akiandikiwa miligramu 20, unavuta nusu mililita. Nukta ikihama, 0.5 inakuwa 5. Ukijikuta unavunja ampuli ya tatu kwa mtoto mmoja, simama, urudie hesabu, na mwenzako afanye yake bila kuona yako. Kloridi ya potasiamu usiisukume kwenye mshipa kwa bomba la sindano kamwe, inasimamisha moyo. Huyeyushwa kwenye dripu, iende taratibu.

Anayeruhusiwa kwenda nyumbani usimwachie "mara tatu kwa siku" peke yake, atameza asubuhi, mchana na jioni kabla ya kulala mapema. Kama ni kila baada ya saa 8, mtajie: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Kwenye chati utaandika 06:00, 14:00 na 22:00, na saini yako itakuja baada ya kumwona amemeza.

Ukikosea, mwambie kiongozi wa zamu dakika hiyohiyo, mgonjwa aangaliwe. Mimi siku ile nilimwambia kabla sijarudisha sinia.