Chumba cha boriti na spika sita

Kaka uliyeuliza kama elfu 60 ununulie seti ya spika sita ya homu thieta (sinema ya nyumbani), au amplifaya ya stirio na spika mbili: umesema wewe ni mtu wa taarab, filamu mara mojamoja. Basi chukua mbili. Mimi nilianza na sita.

Seti niliinunua Mombasa, nikaipakia basi hadi Mokowe, nikaivusha kwa boti chini ya turubai isirukiwe na maji ya chumvi. Nyumba yetu ya Lamu ni ya mawe, ya kale, na upana wa chumba ni urefu wa boriti. Changu mita 2.6. Spika za nyuma zataka zikae ubavuni, nyuma kidogo ya msikilizaji. Kwangu zilikuwa zanipumulia sikioni. Nikamweka Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarab na mpiga udi wa Lamu, amplifaya ikajitia kuigawa sauti kote: udi mbele, mwangwi wake kisogoni, maneno hayashikiki. Mama akauliza, "Huyo yuaimba kisimani?"

Tatizo si Zein. Santuri za Siti binti Saad za 1928 zina chaneli moja tu, yaani njia moja ya sauti, na kaseti tulizokulia nazo ni moja au mbili. Zilizobaki mashine yazibuni. Kweli, kuna kitufe cha kurudisha sauti kwenye spika mbili, lakini zile nyingine umelipia nini? Na elfu 60 ikigawanywa kwa spika sita, kila moja yapata makombo.

Niliuza kwa hasara (tusiizungumze). Malindi nikapata amplifaya kuukuu na spika mbili za mbao, za Mtaliano aliyekuwa akihama. Mimi nazo tumefanya pembetatu, kila upande mita 1.8. Nilizisogeza mbali na ukuta, besi ikaacha kuvuma, nikatandika zulia maana chokaa hurudisha sauti. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, nyuma yangu zavunja mwangwi bure. Nikifumba macho, mwimbaji yuko katikati, pasipo na spika yoyote.

Shemeji yangu Malindi ana sebule pana na diski za matamasha yaliyorekodiwa kwa chaneli sita. Makofi yaja kutoka nyuma, raha tupu. Kwa rekodi za namna hiyo sina ubishi.

Ukibakiwa na pesa, usidanganywe na waya za bei. Nunua stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka; umeme wetu waujua.