Ule mnara wa soko kuu Iringa ni wa nani hasa?

SWALI: Kamwene mhariri. Nauza vitunguu soko kuu hapa Iringa mjini. Wageni wakiulizia ule mnara unaotazamana na polisi huwa tunawaambia ni wa Mkwawa, sasa juzi dogo mmoja wa sekondari kanibishia mbele ya wateja eti ni wa Majimaji. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kamwene ndugu yangu. Dogo yuko sahihi. Mnara ule ni kumbukumbu ya Waafrika waliokufa kwenye Majimaji, 1905 mpaka 1907, na Mkwawa alishajiua tangu tarehe 19 Julai 1898 baada ya kuwindwa miaka na Wajerumani, yaani Majimaji inaanza yeye ana miaka saba kaburini.

Ila nawaelewa mnaochanganya, maana mji wenyewe umetokana na vita vyake. Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 aliwapiga Wajerumani na kamanda wao Zelewski akafia palepale, wakarudi na mizinga wakaivunja ngome ya Kalenga Oktoba 1894, halafu ndo wakaja kujenga kambi huku juu kilimani, na hapo unapopangia vitunguu vyako pamekua kutokana na kambi ile.

Sasa kuna jambo huwa hatupendi kulisema. Wahehe hatukuingia Majimaji. Mwaka 1905 wapiganaji wa Kihehe walitoka hapa na kapteni Nigmann kwenda kuliokoa boma la Mjerumani kule Mahenge lililokuwa limezingirwa na wana Majimaji. Mimi siwalaumu wazee wetu hata kidogo, walikuwa wametoka kupigwa wao, ngome imebomolewa, mtwa wao, yaani chifu Mkwawa, kakatwa kichwa, halafu Wangoni walioingia Majimaji walikuwa mahasimu wao wa vita vya tangu 1878. Lakini watoto waambiwe yote, na pale sokoni kwenye mnara ndo pa kuwaambia.

Mgeni akikununulia vitunguu, au akiwa ameshika kikapu chake cha nyasi za milulu anashangaa tu, mweleze hivyohivyo. Akimtaka Mkwawa mwelekeze Kalenga, kama kilomita 15 tu kutoka mjini, fuvu lake lipo pale tangu gavana Twining alipolirudisha mwaka 1954. Asiye na muda wa kufika huko aende Boma hapahapa mjini, lile jengo la Wajerumani ambalo tangu 2016 ni makumbusho.