Maswali ya Wasomaji: Mboga Ziko, Mnunuzi Ako Wapi?

Meseji nyingi mlizotuma mara hii zinazunguka jambo moja: mkulima wa karibu na Nairobi ana mboga, mtu wa Nairobi anatafuta mboga, na hawa wawili hawakutani. Nimechukua chache. Ile ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu najua wengi mko hapo hapo.

*

Habari yako mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nalima nusu ekari huku Kamulu, sukuma na spinachi na managu kidogo. Semina nimehudhuria nyingi, vyeti ninavyo, lakini broka akikuja jioni na pikapu yeye ndio anasema bei na mimi nakubali tu juu nishakata mboga na zitaoza. Sasa kuna semina ingine inakuja, niende ama nikae? – Mama wa Kamulu

Mama, pole na kazi. Kama hio semina ni ya kufundisha kupanda sukuma, kaa shambani, kupanda unajua. Kama ni ya kuweka hesabu, kutunza mboga baada ya kuvuna au kuuza, enda, na ukifika usikae nyuma halafu uondoke na cheti tu. Tafuta wale wanaolima hio Kangundo Road yako, chukua namba zao, uliza kila mtu anauzia nani na kwa bei gani. Kwa maoni yangu hiyo ndio faida kubwa ya semina, kushinda hata kile kinachoandikwa kwa ubao.

Sasa tuongee juu ya broka. Mimi simchukii, ana gari, anajua soko, na anabeba hasara yake pia, lakini anakushinda kwa vitu viwili: uko peke yako, na mboga ikishakatwa saa zinahesabika. Hivyo viwili ndio vya kurekebisha.

Anza na kujua bei. Siku moja damka alfajiri na mapema uende soko la Marikiti mjini Nairobi, ile saa kumi hivi lori zinashusha mzigo pale karibu na barabara ya Haile Selassie na mikokoteni inapita kila upande. Usibebe mboga, beba kitabu na kalamu. Uliza bei ya sukuma, tembea, halafu uliza tena saa mbili jua likishatoka. Utaona vile bei imeshuka, na utaona pia ile mboga iliyoshindiliwa kwa gunia la nailoni imeshikwa na joto katikati na majani yameanza kugeuka manjano. Ukirudi nyumbani huyo broka akikuja, utakuwa unaongea ukijua unachosema.

Kisha uvunaji wenyewe. Wewe unakata mchana ndio broka akute tayari jioni, na hapo ndio unapoteza. Sukuma inavunwa asubuhi kabla jua halijawa kali, majani ya chini kwanza, unashika jani karibu na shina unalivuta chini, unaacha yale matano sita ya juu ndio mmea uendelee. Zikae kivulini kwa kreti au kikapu kinachopitisha hewa, juu yake gunia la katani lililoloweshwa maji safi. Na usizisafirishe na ndizi au nyanya zilizoiva, kwa sababu matunda yakiiva yanatoa gesi inayofanya majani yageuke manjano haraka, wengi hawajui hii na wanashangaa mboga za asubuhi zimechakaa kufika saa sita.

Halafu majirani. Tafuta wenzako, mkubaliane nani anahamisha miche wiki gani ndio msivune wote siku moja halafu mkose wote wiki inayofuata, kwa sababu mnunuzi wa maana, awe hoteli ndogo, shule au vibanda kumi vya mtaa mmoja, anachotaka sana ni kujua Jumanne na Ijumaa mboga itafika, hata kama bei yako iko juu kidogo. Msikimbilie kusajili kikundi kabla hamjafanya kazi pamoja. Changeni gari mwezi mmoja kwanza, muone nani analeta mzigo kwa wakati na nani ana visingizio. Mkishajuana ndio muende ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka watu wasiopungua 10, mbebe katiba yenu, majina na vitambulisho, na muhtasari wa mkutano uliowachagua viongozi. Cheti hicho ndio kinawafungulia akaunti ya benki na miradi mingi ya kaunti.

Na tafadhali nunueni mizani, hata ile ya kuning'iniza. Kuuza kwa kukadiria gunia kunaumiza mkulima tangu zamani. Kanuni za viazi za 2019 zilisema gunia lisipite kilo 50 na bado lumbesa tunaziona, na aliye shambani ndiye anaibiwa. Mkipima mnaandika: tarehe, kilo, nani amechukua, amelipa ngapi. Baada ya msimu mmoja hicho kitabu kitawasaidia kuliko vyeti vyote, hata mkienda kuomba mkopo.

*

Sisi ni majirani wa ploti moja Umoja. Tumechoka kula mboga hatujui imetoka wapi, tunasikia zingine zinamwagiliwa maji taka. Tunataka kununua kwa mkulima moja kwa moja lakini kutuma pesa kabla ya kuona mboga tunaogopa. Tufanyeje?

Woga wenu una maana, pesa ya M-Pesa ikienda kwa mtu usiyemjua kuirudisha ni shida. Lakini mjue mkulima naye anaogopa, amewahi kuambiwa leta, akaleta, simu ikazimwa. Kwa hivyo pandeni matatu mmoja au wawili wenu muende mkaone shamba. Muone maji yanatoka wapi, muulize anapiga dawa gani na awaonyeshe chupa. Dawa halali imesajiliwa na bodi ya kudhibiti dawa za wadudu, ile PCPB, na kwa lebo kumeandikwa siku za kungoja kati ya kupiga na kuvuna. Mkulima anayezijua hizo siku bila kubabaika ni mtu wa kufanya naye kazi. Wengine wana alama ya Kilimohai, hio ni ya mazao ya kilimo hai Afrika Mashariki, na kuna vikundi ambapo wakulima wanakaguana wenyewe kwa wenyewe, mkipata hivyo ni vizuri zaidi, lakini kukosa alama haimaanishi mkulima ni mbaya.

Malipo, anzeni na nusu. Kila nyumba inatuma nusu ya kikapu cha wiki Jumatano, mboga ikifika Jumamosi mnamalizia. Mkizoeana miezi miwili mitatu hivi lipeni mwezi mzima mbele, kwa sababu hapo ndio mnamsaidia kwa kweli, anapata pesa ya mbegu na mbolea wakati anaihitaji na sio baada ya kuvuna. Japani familia za mjini zimekuwa zikikubaliana hivyo na wakulima tangu miaka ya 1970, wanagawana mavuno na hasara pia. Hio ya hasara ndio mjiandae nayo, Januari na Februari kukikauka kikapu kitakuwa chepesi, na mvua ya Aprili ikishika mtakula terere na kunde mpaka mseme basi. Kama mtu anataka nyanya kubwa nyekundu kila wiki ya mwaka huu mpango haumfai, na ni vizuri aambiwe mapema.

Kitu kimoja nawaomba sana, msimruke mama mboga wa hapo kwenu. Yeye ndiye anawakatia sukuma, anawakopesha tarehe ishirini na nne mfuko ukiwa mtupu, na anajua nani ni mgonjwa kwa ploti. Mfanyeni kibanda chake kiwe mahali vikapu vinashushwa, kila kikapu apate kitu kidogo, na zile zinazobaki auze yeye. Nimeona mipango mizuri ya watu ikifa kwa sababu haikuwa na mtu wa kukaa na mboga Jumamosi asubuhi wakati kila mtu amelala au yuko kanisani.

*

Tuko vijana Mukuru, tunataka kupanda mboga kwa magunia tuuze na zingine tupee watoto wa mtaa. Maji ya kununua ni bei. Tunaweza tumia ya mto?

Hapana vijana wangu, hapo hakuna mjadala. Mto Ngong unapita viwandani na kwenye mitaa isiyo na mabomba ya maji taka, mkimwagilia nao mtakuwa mnalisha watoto vijidudu na madini mazito. Tumieni maji ya kuoshea mboga na mchele, yale ya kusuuza nguo ya mwisho ambayo hayana sabuni nyingi, na mvua mkiikinga kwa mabati. Udongo pia msichote kando ya barabara wala penye watu walichoma betri na nyaya.

Gunia lenyewe linakunywa maji kidogo likitengenezwa vizuri. Mnachukua mkebe wa kilo mbili uliokatwa ukawa wazi chini na juu, mnausimamisha katikati, mnaujaza kokoto, mnazungushia udongo uliochanganywa na samadi iliyoiva, kisha mnavuta mkebe juu na kujaza tena mpaka gunia lijae, ndio katikati kubaki nguzo ya kokoto ya kupitisha maji mpaka chini. Pembeni mnatoboa mashimo ya miche ya sukuma au spinachi. Kilimo cha mjini Nairobi kina sheria yake tangu 2015, kwa hivyo muende kwa afisa wa kilimo wa kaunti mjitambulishe, msilime kama mtu anayejificha.

*

Mtoto wangu anakula shuleni kwa ule mpango wa shilingi tano. Kikundi chetu cha wakulima Ruai kinaweza kuuzia jikoni zao?

Dishi na County ilianza 2023, kaunti ikishirikiana na Food4Education, mzazi analipa shilingi 5 kwa sahani na chakula kinapikwa kwa jikoni kubwa halafu kinasambazwa shuleni. Mimi naupenda huu mpango kwa moyo wote, mtoto aliyeshiba anasoma. Na mngeweza kuwa sehemu yake siku moja, lakini jikoni kama hio inapika kwa maelfu, mkikosa kuleta siku moja tu kuna watoto wanakosa chakula. Anzeni na shule ndogo ya binafsi, chekechea au kanisa linalopikia wazee, sehemu ambapo mnaweza kupeleka kilo hamsini bila kukosa muhula mzima. Zabuni za serikali zina nafasi yenu pia, asilimia 30 imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kwa mpango wa AGPO, mnajisajili bure. Ila malipo ya serikali huchelewa na wengi wameumia, kwa hivyo msiweke mboga zote huko.

*

Grupu letu la WhatsApp la wakulima limejaa siasa na matangazo ya mikopo. Nitoke?

Usitoke. Muombe admini afungue lingine ambalo linaandikwa vitu vitatu tu: niko na nini, kilo ngapi, naomba bei gani. Stori zibaki kule kwa lile la kwanza. Na mara moja kwa wiki kutaneni kwa shamba la mmoja wenu, mgawe kitalu mara mbili, upande mmoja mfanye vile mmezoea na mwingine mjaribu njia mpya, muangalie pamoja mpaka mavuno. Hilo ni shamba darasa, liliingia Kenya miaka ya 1990 na linafundisha hata pale ambapo afisa wa kilimo hafiki.

*

Nyanya yangu aliniachia mbegu za managu tamu sana. Nikigawia wenzangu nitashikwa?

Sheria ya mbegu ya 2012 ndio iliwatia watu hofu, faini ilikuwa inaweza kufika milioni moja ama jela miaka miwili. Wakulima walienda kortini, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vile vipengele vya kuadhibu mkulima kwa kuhifadhi na kubadilishana mbegu vinakiuka Katiba. Kwa hivyo gawa mama, gawa. Acha matunda ya ile miche yenye nguvu yaive kabisa mpaka yalainike, yaponde kwa maji, mbegu nzuri zinazama chini, zioshe, zianike kivulini juu ya gazeti siku kadhaa, changanya na jivu kidogo ziweke kwa chupa kavu iliyofungwa, na uandike mwaka juu yake kabla hujampatia mtu.