Jibu: Inawezekanaje ziwa dogo la Alpi, milima ya Ulaya, liwe na kina kirefu kuliko Ziwa Victoria?

Mkuu, inawezekana kabisa, kwa sababu ukubwa wa ziwa hauamui kina chake. Victoria lina kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini pale penye kina kirefu zaidi ni mita 80 na kidogo. Ziwa Como la Italia lina kilomita za mraba 146 tu, na linapita mita 400. Uso wake uko mita 198 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sakafu yake iko chini ya bahari kwa zaidi ya mita 200!

Tofauti ni namna yalivyozaliwa. Kule Alpi mito minene ya barafu ilikwangua mabonde membamba kwa maelfu ya miaka. Huku kwetu ardhi ya magharibi iliinuka taratibu, mito ikazuiwa, maji yakatandaa kama kwenye sinia.

Ila usilinganishe pale penye kina kirefu zaidi peke yake. Gawa ujazo kwa eneo upate wastani: Victoria, kilomita za ujazo 2,750 kwa 68,800, ni kilomita 0.04, yaani mita 40. Ziwa Geneva, lililo kati ya Uswisi na Ufaransa, 89 kwa 580, ni mita 153.

Na ukitaka kupima mwenyewe hapo Ghuba ya Mwanza, tumia kamba isiyovutika, yenye alama kila mita, na chuma cha kilo mbili kilichofungwa mwishoni. Pima asubuhi kabla ya upepo. Mtumbwi ukisukumwa, kamba hulala mshazari na kina kinasomeka kirefu kuliko kilivyo.