Kontena, mbao au tofali? Nyumba ya mama uani kwenye kiwanja cha mlimani

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nina kiwanja kilichopimwa Mkolani, Mwanza, mita 20 kwa 30. Nyumba yangu iko mbele, upande wa barabara. Nyuma kiwanja kinapanda kuelekea mlimani, na kuna jiwe lenye ukubwa wa gari la Noah. Nataka kumjengea mama nyumba ya kujitegemea huko uani. Ana miaka 71, magoti yanamsumbua, namleta kutoka Ukerewe. Baadaye ningependa niipangishe. Mdogo wangu anasema ninunue kontena la futi 20, kazi iishe upesi. Jirani kanionyesha picha za nyumba za mbao. Fundi wangu anataka tofali za inchi 6, na jiwe anasema tulichome moto lipasuke. Nichague ipi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla hujanunua chochote, maana kwa kiwanja kama chako aina ya nyumba ndiyo inaamuliwa mwisho. Kwanza tujue nyumba itakaa wapi, maji machafu yatatokaje, na mama atapandaje. Ukishayajua hayo, kontena na mbao vitajiondoa vyenyewe.

Nianze na jiwe, kwa sababu ndilo linalonitia wasiwasi. Mwambie fundi aweke kuni zake chini. Kuchoma jiwe kunapasua kweli, wapasua kokoto wetu wanajua, lakini moto hauchagui ufa uende wapi. Kipande kikichomoka mlimani kinateremka, na chini yako kuna nyumba za watu. Kabla ya lolote chimba kidogo pembeni mwake, mkono mmoja hivi kwenda chini, kwa upande wa juu na wa pembeni tu. Ukikuta jiwe linaendelea chini na kupanuka, huo ni mwamba wenyewe, hauendi popote. Ukikuta linajikunja kuingia ndani na chini yake kuna udongo, basi limekaa tu juu ya ardhi. Hilo usilichimbe mguuni hata kwa jembe, na usijenge chini yake moja kwa moja. Hamisha nyumba kuelekea upande mwingine. Upana wa mita 20 unakuruhusu. Ikibidi kabisa liondoke, tafuta wanaotoboa matundu na kupasua kwa kabari kidogo kidogo. Baruti ina vibali vyake na si kazi ya fundi wa mtaani.

Hata likiwa mwamba, usiweke nusu ya msingi juu yake na nusu juu ya udongo. Nimeona nyumba nyingi za milimani Mwanza zenye ufa unaopanda mshazari kutoka kona ya dirisha, na ukifuatilia unakuta sababu ni hiyo. Upande wa mwamba haushuki, upande wa luseni (udongo wa kichanga) unashuka, ukuta unagawanyika. Msingi wote ukae juu ya ardhi ya aina moja.

Sasa maji machafu. Hapa una bahati ambayo wengi hawana. Uani kwako kuko juu ya nyumba kubwa, kwa hiyo choo cha mama kinaweza kuteremsha kwenye chemba iliyopo bila shimo jipya. Wenye viwanja vinavyoshuka kwenda nyuma huchimba shimo la pili mahali ambapo gari la kunyonya haliwezi kulifikia, na mvua za masika zikija unajua kinachotokea mitaroni. Kipindupindu kinaanzia hapo. Pima hivi: chukua mpira wa maji wa kupimia levo, ule ule wa fundi, uone sakafu unayotaka iko juu ya mdomo wa bomba la chemba kwa kiasi gani. Bomba la inchi 4 lipe mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Kama chemba iko umbali wa mita 10, unahitaji sentimita 25 za mteremko wa bomba peke yake, na juu yake kina cha bomba chini ya sakafu. Kagua pia kama shimo lako linajaa haraka. Likijaa mara kwa mara sasa hivi, mtu mmoja zaidi ataongeza shida. Na uliza MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, kama mtandao wa majitaka umefika karibu na mtaa wako, kwa sababu baadhi ya makazi ya milimani yameunganishwa.

Ila bahati hiyo ya mteremko ndiyo adui wa magoti ya mama. Njia ya mteremko anayoweza kupanda mzee, au kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu siku za mbele, ni sentimita 1 ya kupanda kwa kila 12 za kwenda mbele. Sakafu yake ikiwa mita 1 juu ya ua wako, njia itahitaji mita 12. Ikiwa sentimita 40, inatosha karibu mita 5. Kwa hiyo usipande hadi juu kwa kufuata upepo na mandhari ya ziwa. Ishushe nyumba, ikaribie nyumba kubwa kadiri masharti ya umbali yanavyoruhusu, ukate mlima kidogo kwa nyuma. Hapo mama ataweza kuja kunywa chai kwako bila kusubiri mtu wa kumshika mkono, na kwangu mimi jambo hilo lina uzito kuliko aina ya tofali.

Kontena, basi. La futi 20 lina upana wa ndani wa mita 2.35 na eneo la mita za mraba zisizofika 14. Toa choo na jiko, mama anabaki na chumba cha kupita. Chuma kikipigwa na jua la mchana kinakuwa tanuri. Ukiweka kinga ya joto na bodi kuta zote mbili, upana unapungua tena. Kila dirisha unalokata linadhoofisha ukuta, hivyo lazima fremu ya chuma ichomelewe. Na tupu lina zaidi ya tani 2: kreni itapita wapi kufika nyuma ya nyumba yako? Kontena linafaa duka la barabarani kwenye ardhi tambarare. Kumlaza mzee humo sikushauri.

Nyumba ya mbao ni nyepesi kupandisha na inapoa vizuri usiku. Shida ni mchwa, na mama ambaye huenda atataka jiko lake la mkaa. Inahitaji mbao zilizotiwa dawa, miguu ya zege na kukaguliwa kila mwaka. Ukiwa na nidhamu hiyo haina ubaya. Mpangaji wako wa baadaye hatakuwa nayo.

Tunabaki na ukuta wa tofali, na hapo nakubaliana na fundi nusu. Nyumba ya mita 6 kwa 6, yaani chumba, sebule, jiko dogo na choo cha ndani, inataka karibu tofali 800 za inchi 6 juu ya jamvi. Moja ina kilo kama 30. Hizo ni tani 24 za kupandisha kwa mabega, na wapandishaji wanalipwa kwa kila tofali. Kabla hujakubali gharama hiyo, pima udongo utakaoukata pale pale kama unafaa tofali za kufungamana, zile za udongo na saruji zinazoshindiliwa kwa mashine. Jaza udongo theluthi moja ya chupa ya maji ya lita moja na nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, iache hadi kesho yake. Mchanga utakaa chini, ufinyanzi juu. Mchanga ukichukua kama robo tatu ya kina cha udongo, unafaa kuchanganywa na saruji. Ukiwa mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi, usiuguse. Tofali zikishatoka mashineni zikae kivulini, zimwagiliwe kwa siku 7 angalau. Wengi huruka hatua hii, halafu wanalaumu mashine.

Msingi tumia mawe, Mwanza hatujakosa mawe. Juu ya kuta funga lenta ya nondo nyumba nzima. Nyuma, palipokatwa, jenga ukuta wa kuzuia udongo wenye matundu ya kutolea maji, na juu yake mfereji wa kukinga maji ya mlimani yasije msingini. Paa liwe la kawaida lenye mteremko na bati la geji 28, si lile la kuficha. Paa la mita za mraba 40 kwa mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka linaweza kukupa lita 30,000 za kukinga tankini. Milango iwe na upana wa sentimita 90, wa choo ufunguke kwa nje, choo kiwe cha kukaa na chuma cha kushika ukutani.

(Kwa walioniuliza habari za kujenga Luchelele na Igombe, kando ya Ziwa Victoria: sheria ya mazingira ya 2004 inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na mnakumbuka maji yalivyopanda 2020. Hata kibanda cha uani kinahesabika.)

Kabla ya kuchimba nenda na hati yako ofisi ya mipango miji ya Jiji, uulize kama masharti ya kiwanja yanaruhusu nyumba ya pili na iache umbali gani kutoka mpakani, kisha uombe kibali cha ujenzi. Kwa kuwa utapangisha, omba TANESCO mita ya peke yake tangu mwanzo, na bomba la maji liwe na koki yake.