Mgodi wa urani na mvua kubwa: mwanao aulize haya

Ndugu yangu, umeuliza kama mvua kubwa ni hatari kwa mgodi wa urani unaopangwa Namtumbo, kusini mwa Tanzania, alikoitiwa kazi mwanao. Shimo lisikutishe sana. La kutisha ni bwawa la mabaki, ule uji wa mawe yaliyosagwa na kutolewa urani. Kule Church Rock, Marekani, Julai 1979, ukuta wa bwawa kama hilo, wenye nyufa, ulibomoka, maji ya sumu lita zaidi ya milioni 300 yakaingia mtoni. Na kimbunga hakikuwapo!

Wewe wa Malindi unaujua mto Sabaki ukifurika: bahari hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Sasa tia urani humo.

Aulize ukuta umepimiwa mvua ipi, ya kila mwaka au kama ile ya El Nino ya 1997? Bwawa likijaa, maji yanafunguliwa kwenda wapi? Wakimzungusha, asitie sahihi.