Kabla ya kusoma manomita (kipima presha), pima umbali kutoka mdomo wa bomba

Wadogo zangu mnaoanza maabara ya vimiminika, karatasi ya zoezi itawapa kanuni ya Poiseuille na kuwataka mtafute mnato wa maji (ukinzani wake wa kutiririka) kutokana na presha inayopotea bombani. Kanuni ni sahihi. Ila ina sharti ambalo wengi hulipita: inafaa pale tu mtiririko unapokuwa umeshakomaa.

Maji yakiingia bombani kutoka kwenye tangi kupitia mdomo uliochongwa vizuri, karibu yote huwa na kasi moja, ya katikati na ya pembeni. Yale yanayogusa ukuta husimama. Nayo hulivuta nyuma tabaka la jirani, hilo likavuta linalofuata, na kadiri maji yanavyosonga mbele ndivyo sehemu iliyopunguzwa kasi inavyonenepa kuelekea katikati. Hapa tulieni, maana ndipo wanafunzi wanapopotea. Kiasi cha maji kinachopita kila sekunde hakibadiliki, kwa hiyo kasi ya wastani nayo haibadiliki. Ya pembeni yakipunguza, ya katikati hayana budi kuongeza. Huongeza mpaka kasi ya katikati kabisa ifikie mara mbili ya wastani, na mchoro wa kasi ukawa parabola. Kuanzia hapo umbo limetulia, yaani mtiririko umekomaa, na presha hushuka kwa mstari ulionyooka.

Umbali kutoka mdomoni hadi hapo ni mrefu kuliko mnavyodhani. Kwa mtiririko wa matabaka (maji yakiteleza tabaka kwa tabaka bila vurugu) ni takriban 0.06 mara namba ya Reynolds (kasi ya wastani mara kipenyo mara densiti, gawanya kwa mnato) mara kipenyo. Chukua bomba la milimita 10, maji ya nyuzi 20, kasi ya wastani mita 0.2 kwa sekunde. Namba ya Reynolds ni kama 2000, na umbali unatoka mita 1.2. Vipenyo 120! Bomba la mezani likiwa na mita 1.5, mnabaki na sentimita 30 tu za kuamini. Mimina mafuta ambayo mnato wake, ukigawanywa kwa densiti, ni mara 100 ya maji: kwa bomba hilo na kasi hiyo, umbali haufiki sentimita 2. Mnato ndio unaofikisha athari ya ukuta katikati, na ukiwa mkubwa hufikisha upesi.

Karibu na mdomo presha hushuka kwa ukali zaidi. Tabaka la ukutani bado jembamba, hivyo msuguano ni mkubwa. Tena maji ya katikati yanahitaji kusukumwa ili yaongeze kasi. Mkisoma presha hapo na kutumia kanuni ya Poiseuille, mtapata mnato mkubwa kuliko ulio wa kweli. Ndiyo maana nasisitiza mchore grafu ya matundu yote ya presha (yale ya ukutani mwa bomba yanayounganishwa na manomita), si mawili tu. Nukta za mwanzo zikikataa kukaa kwenye mstari, msizifute. Zinawaonyesha mtiririko ukikomaa, na kwangu hilo ndilo tunda bora la zoezi zima.

Chunguzeni pia mdomo wenyewe. Reynolds, ambaye namba ile ina jina lake, katika majaribio yake ya Manchester yaliyochapishwa 1883, aliweka midomo ya umbo la tarumbeta kwenye mirija yake ya kioo ili maji yaingie bila kuvurugwa. Kona kali huleta vurugu ambayo ile 0.06 haiihesabu.

Mnaoiga mtiririko kwa kompyuta, mkiweka kasi sawa kote kwenye mdomo wa bomba, refusheni bomba, au wekeni parabola tangu mwanzo kama kipande cha kuingilia si shabaha yenu. Na kwenye ripoti, andikeni umbali wa kila tundu kutoka mdomoni kwa idadi ya vipenyo.